Simu Yenye Udenda

Ondoa hilo tabasamu. Nalijua. Ni tabasamu la mtu aliyesikia neno jini akaamua kwamba anayesimulia ama amezeeka ama hana kazi. Na usiku utalala na simu yako pembeni ya mto, kioo kimegusa shavu, tundu la chaja limeelekea mdomo wako ulioachama, udenda unakutoka, halafu unataka kunifundisha kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa. Kaa vizuri. Nikimaliza ndipo ucheke, kama utakuwa umebakiwa na mate.

Sisemi habari za makaburini wala mapangoni. Hili liliingia kwenye nyumba ya vyumba viwili, kuta zina rangi ya maziwa, sofa limefunikwa vitambaa na cherehani iko dirishani. Ni nyumba ya mwanangu, nami naishi humo. Mwanangu anapaka rangi majumba ya watu, mtu mpole, anarudi jioni na madoa mpaka kwenye nyusi. Mke wake anashona mapazia. Na huyo mkwe wangu, tuseme ukweli, Mungu alimpa mdomo. Anaongea akikata kitambaa, anaongea akikanyaga cherehani, anaongea ana pini kati ya midomo na hamezi hata moja. Wateja wake wengi hawajawahi kumwona. Wanamjua kwa sauti. Anakupigia, anakuuliza dirisha lako linatazama wapi, jua linaingia saa ngapi, mumeo analala mchana au halali, na ukija kukata simu umeshaagiza mapazia ya nyumba nzima. Rangi ina misimu yake. Ilipokuwa haina msimu, tulikuwa tunakula ile sauti.

Kwa hiyo simu yake ilipoharibika, iliharibika ya nyumba nzima.

Ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi lake, na waranti ya mwaka. Kasoro yake ilikuwa moja tu: yeye anaongea, wa upande wa pili hasikii. Akairudisha walikomuuzia, lile duka kubwa lenye vioo vitupu na kiyoyozi, nyuma kuna chumba cha mafundi. Wakaipokea, wakampa siku ya kurudi. Siku ilipofika meneja akamwonyesha simu ikiwa imefunguliwa mgongo, akamwelekeza kwa ncha ya kalamu kwenye kijistika kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Hii ikitoka kiwandani ni nyeupe," meneja akamwambia. "Ikiguswa na maji inageuka nyekundu. Unaiona yako?"

Ilikuwa nyekundu.

"Waranti hailipii maji, dada. Ukitaka itengenezwe, gharama ni zako." Akataja bei. Ilikuwa karibu sawa na ya kununua nyingine.

"Hayakuingia maji," mkwe wangu akasema. "Simu hii inakaa kwenye meza ya kushonea. Mezani pale sili wala sinywi, maana kitambaa cha mtu kikipata doa nalipa mimi."

"Stika haisemi uongo, dada yangu."

"Basi kama haisemi yenyewe, kuna anayeisemea."

Walivutana mpaka watu wa kwenye foleni wakaacha kutazama simu zao wakawatazama wao. Mwisho akaichukua hivyohivyo, haijatengenezwa, mgongo umebandikwa kwa haraka, akarudi nyumbani anafoka tangu mlangoni. Alifoka mpaka chakula kikapoa. Na alipokuwa bado anafoka, ile simu ikaita.

Akapokea kwa mazoea tu. Alikuwa mteja, mama mmoja aliyetaka mapazia ya sebule. "Leo nakusikia vizuri," yule mama alisema. Nilimsikia mwenyewe, simu ilikuwa na sauti kubwa. "Nakusikia kama umeniegemea hapa shingoni."

Tukafurahi. Tulidhani imejitengeneza.

Asubuhi, kwenye kitambaa cha meza, chini ya simu palikuwa na unyevu. Mimi ndiye ninayefuta vumbi mle ndani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeuona. Nikadhani mtu ameweka glasi. Nikaigeuza simu. Mgongo wake ulikuwa umelowa, lakini si kulowa kwa kumwagiwa. Ulilowa kama kitu kilichokuwa kinywani mwa mtu. Tofauti hiyo unaijua. Pipi iliyoanguka kwenye maji na pipi iliyotoka mdomoni kwa mtoto, zote zimelowa, lakini moja unaiokota na nyingine unamwita mwenyewe aje aiokote.

Nikaifuta kwa tambara. Mchana tambara lilikuwa limekauka likawa gumu, na linanuka. Ile harufu ilikuwa ya asubuhi ya mtu mwenye jino bovu, jino lililooza mpaka kwenye mzizi, na juu yake kuna mnanaa, kama mtu amemung'unya pipi kufunika uvundo, na pipi imeshindwa. Nikalitupa tambara. Nzi wakalifuata.

Mwanangu alisema ni jasho la betri. Alisema hivyo tukiwa tunakula, na kunithibitishia akaichukua simu kwa mkono uleule anaolia chakula, akaipapasa, akairudisha mezani. Uzi wa ute ukatoka kwenye tundu la chaja ukaja naye, mrefu, unang'aa, hauna haraka ya kukatika, kichwa kimoja kwenye simu, kichwa cha pili kwenye vidole vyake, na katikati umelegea juu ya sahani ya mboga.

Tukautazama wote watatu mpaka ukadondoka.

"Jasho," nikamwambia. "Kula basi, baba."

Akaisogeza sahani mbali. Nami sikula tena siku ile.

Wateja nao wakaanza kuuliza. "Dada, mbona unaongea unakula?" Mkwe wangu anajibu kwamba hali. Mtu wa upande wa pili anasema taratibu, "Basi hapo ulipo kuna mtu anakula." Tulizima kila kitu tukasikiliza. Ilikuwa kweli. Ndani ya simu, nyuma ya maneno, kulikuwa na kumumunya: ulimi unabanduka kwenye kaakaa, unanata, unabanduka, halafu kumeza. Kila mkwe wangu alipomaliza sentensi, kitu kilimeza.

Yeye akaanza kukauka.

Kwanza alinywa maji mengi, tukasema ni joto. Kisha nikamwona yuko kwenye cherehani anataka kutia uzi kwenye sindano. Washonaji wanalowesha ncha ya uzi kwa ulimi ili isichanue; wamefanya hivyo tangu sindano ilipokuwa sindano. Aliuweka uzi mdomoni, akaubana kwa midomo, akautoa. Ulitoka mkavu kama ulivyoingia. Akajaribu tena. Akautazama. Kisha akaniletea, mtu mzima na akili zake, ananyoosha uzi kama mtoto.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, na midomo ikagandana akailazimisha kuachana, "niloweshee."

Nikaulowesha. Nilimwona anautazama ulimi wangu kwa wivu.

"Usimwambie mume wangu," akanong'ona. "Atasema niache kazi."

Baada ya hapo hakumeza tena chakula kikavu. Baadaye hata cha maji kilimshinda. Alikisukuma kwa kidole. Pembe za midomo zikapasuka. Ulimi ukaingia rangi ya kahawia, ukawa na mistari kama udongo wa bwawa lililokauka. Na simu, kadiri yeye alivyokauka, ndivyo ilivyolowa. Ilinenepa. Mgongo ulibenuka kidogo, kwa ndani ya kioo kukawa na ukungu wa njano, na ukiibonyeza pembeni ilitoa povu.

Kuna siku, mchana kweupe, mwanangu yuko kazini, nilitoka kuanika nguo nikarudi ndani na beseni tupu. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya ndani ya nyumba ya yule binti ni jambo la kushtua lenyewe. Alikuwa amelala kwenye sofa, kichwa juu ya rundo la mapazia ya mtu, mdomo wazi kwa sababu ulikuwa haufungiki vizuri tena. Simu ilikuwa pembeni ya shavu lake. Sikuiweka mimi pale, naye baadaye aliniapia kwa kichwa kwamba aliiacha mezani. Nikasogea ili niiondoe, na nilipoinama ndipo nikaisikia ile sauti ya kumumunya, safari hii haina simu ya mtu yeyote nyuma yake, haina mteja, haina laini, ni yenyewe tu inakula mchana wa watu, na nikaona kwenye tundu la chaja, pale unapochomeka waya kila siku bila kufikiri, kitu kimechomoza, chembamba kama mnyiri wa pweza, cha kijivu, kina vipele vyeupe juu yake na utando kama wa maziwa yaliyochacha, kinatoka taratibu kwa raha kama kinachojua kwamba hakuna atakayekiharakisha, kinapapasa kona ya mdomo wa mkwe wangu, kinaingia, kinazunguka kwenye fizi zake jino moja moja, kinachota kile kidogo kilichobaki, kinarudi ndani kimelowa, kinamezwa, halafu kinatoka tena kwa ajili ya kingine, na yule binti katika usingizi wake anameza hewa, anatafuta.

Nililipiga lile dude kwa beseni. Simu ikaruka hadi ukutani. Ulimi ukarudi ndani kwa mlio wa mtu anayenyonya mfupa.

Nilitapika kwenye beseni lilelile. Sioni aibu. Wewe ungetapika kwenye mapazia.

Jioni mwanangu aliporudi nikamweleza, na safari hii hakutaja jasho. Alimtazama mkewe, akaichukua simu kwa koleo lake la kazi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, na huo ndani ya mwingine, akaenda kuitupa jalalani mwisho wa mtaa. Alipokuwa bado hajarudi, mkwe wangu alitaka kuniambia kitu. Akafungua mdomo. Ulimi haukunyanyuka. Ulikuwa umegandana na kaakaa kama karatasi iliyobandikwa kwa gundi, akawa anauvuta kwa vidole, macho yamemtoka, na kooni anatoa mlio wa mlango mkavu. Nikakimbia mpaka barabarani kumwita mwanangu. Alirudi jalalani akachakura takataka za mtaa mzima kwa mikono. Simu ilipovuka kizingiti ulimi ukaachia. Kidogo. Kiasi cha kupumua. Kiasi cha kulia bila machozi, maana na machozi yalikuwa yameanza kwenda.

Kwa hiyo kuitupa hatuwezi. Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mama Viatu.

Mama Viatu anauza viatu vya mitumba, na ana mambo mengine. Wanaomwendea kwa mambo mengine nao wanajaribu viatu, na wote wanaondoka na jozi mkononi ili jirani asiulize. Ni mwanamke mnene, mcheshi, na sijawahi kumwona akikunja uso kwa uchafu, mtu ambaye anashika soli za watu asiowajua kutwa nzima. Nilipofungua ule mfuko akarudi nyuma kwa kigoda chake.

"Usiweke juu ya viatu," akasema. "Weka kwenye gazeti. Sogea huko nayo, shoga yangu, tafadhali."

Akaziba pua kwa upande wa mkono. Akachukua kisu chake cha kukwangulia gundi, akaubandua mgongo wa simu. Ndani kulikuwa na ute umejaa kama yai, na katikati yake ile stika, nyekundu, imevimba kama jipu, inapanda na kushuka. Akainama, akanusa mara moja tu.

"Nani alikuambia ni maji?"

"Dukani."

"Haya ni mate. Kuna mtu alilamba kidole akaipaka hii stika ili iwe nyekundu, halafu akaisingizia maji ili mlipe nyinyi, waranti isilipe."

"Watu wanafanya hivyo?"

"Na umri wako wote huo bado unauliza watu wanafanya nini." Akaufunga mgongo kwa ncha ya kisu. Sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Mate matupu hayaiti kitu, tungekuwa tumekwisha wote. Lakini mate yakitiwa kwenye mali ya mtu ili yatoe ushahidi wa uongo, yuko anayesikia harufu yake. Ni jini mchafu, wenzake wenyewe hawakai naye. Anaingia kwenye ule uongo, anakaa, na anakula kinywa cha mwenye mali. Hataki damu huyu. Anataka mate. Yakiisha, anachukua ulimi."

"Mtoe."

"Simgusi. Na wewe ukimchoma, umemchoma na mkweo. Anatolewa na aliyemwita. Yule aliyepaka aishike simu hii kwa mkono wake, aseme mwenyewe kilichoingia ndani. Akisema kweli, jini hana tena uongo wa kukalia, ataondoka. Akirudia uongo, atakuwa amemwita kwake, naye atahama. Vyovyote vile binti yako atapona. Lakini huyo mtu akinyamaza, au asipoishika, hakuna kitu. Na msimlazimishe. Neno la kulazimishwa halihesabiki."

"Nitamjuaje?"

"Kwani hujanusa?" Akanitazama kama mjinga. "Kachukue viatu vyako. Na unawe mikono kabla hujavigusa."

Asubuhi nikamchukua mkwe wangu, tukaenda dukani. Alikuwa hawezi kuongea kabisa. Alitembea ameniegemea, leso mdomoni, na midomo chini ya leso imepauka kama ya mtu aliyetoka kwenye unga. Simu nilikuwa nimeifunga ndani ya taulo safi ili isitishe mtu. Taulo lilikuwa limeshalowa kabla hatujafika.

Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na simu yake na uso wake wa kudhulumiwa. Kwenye kidirisha cha kioo alikaa fundi, kijana mwembamba, vidole vyeusi kwa moshi wa kuchomelea. Nilimjia juu moja kwa moja. Nilishaamua ni yeye.

"Simu hii uliifungua wewe?"

"Niliifungua, bibi." Akatazama nyuma yake. "Ila siruhusiwi kuongea na wateja."

Nikatia pua kwenye kidirisha. Alinuka risasi iliyoyeyuka na shati la jana. Mnanaa hakuna.

"Ulipoifungua stika ilikuwa rangi gani?"

Akajifanya anatafuta bisibisi. Aliongea bila kuinua kichwa. "Mimi nikifungua huwa nyeupe, bibi. Za waranti tunapeleka mezani kwa bosi aziangalie. Zikirudi zinakuwa nyekundu."

"Zote?"

"Nyingi."

"Na hujauliza."

"Nina familia, bibi."

"Mimi ninayo hapa," nikamwambia. "Itazame."

Akamtazama mkwe wangu. Kisha akaitazama meza yake na hakuinua kichwa tena.

Meneja akatokea mlangoni kwa mafundi, tai shingoni, mashavu yanang'aa, pipi inagongagonga kwenye meno. Alikuwa ameshika lundo la risiti, na kila akitaka kufunua moja anatoa ulimi, analowesha kidole gumba, anafunua. Analowesha, anafunua. Sikuhitaji kumsogelea. Harufu ilikuja yenyewe, mnanaa juu na kilichooza chini.

"Shikamoo, bibi. Leo shida yetu nini?"

"Marahaba. Tumekuja kwa hii." Nikaiweka simu kwenye kaunta, ndani ya taulo lake. "Tuambie ilikuwa na nini."

"Aa, namkumbuka dada." Akatabasamu. "Maelezo yote tuliandika. Yapo kwenye karatasi aliyopewa."

"Sikuja kuongea na karatasi."

"Bibi, sera ya duka ni kwamba stika ikishageuka—"

"Nimekuja kulipa," nikasema.

Akaacha kumung'unya. Watu wa foleni nao wakasogeza masikio.

"Gharama yote, uliyomtajia. Ninayo hapa. Ila mimi mtu wa zamani, sitoi pesa yangu mpaka mtu aishike bidhaa mkononi, anitazame usoni, aniambie ina nini. Karatasi haina uso."

Akacheka kidogo, akawatazama wateja ili wacheke naye. Wawili wakacheka. Akalifunua taulo. Nilimwona anaona ute, nilimwona pua yake inacheza, na nilimwona anaikumbuka ile bei. Akaishika simu.

Mkwe wangu akaubana mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

Nikasogeza uso wangu karibu na wake, nikamwongelesha taratibu, kwa sababu na yeye ni mtoto wa mtu.

"Mwanangu, kazini mtu anaweza kukosea. Ukiniambia kuna aliyekosea hapa, sitadai kitu, sitapiga kelele, nitachukua simu yangu niondoke. Hakuna atakayekulazimisha. Fikiri kwanza. Niambie ni nini kiliingia humu ndani?"

Alifikiri. Hilo nalisema ili usije ukasema hakupewa nafasi. Pipi ilizunguka mdomoni mara moja, macho yakaenda kwa fundi, yakaenda kwenye foleni, kwa wale wote walioshika simu zao zenye stika nyekundu, yakarudi kwangu.

"Maji, bibi," akasema. "Yaliingia maji."

Nyuma yangu nikasikia mtu anameza. Ulikuwa mlio wa koo lililosahau kazi yake, kisha ukaja wa pili, wenye unyevu. Mkwe wangu aliushusha mkono wenye leso.

"Si nilisema hayakuingia," akasema, na mate yakamtoka kidogo kwenye kona ya mdomo, mazuri, meupe, akayafuta kwa kidole akayatazama.

Simu mkononi mwa meneja ilikuwa imekauka. Imekauka kabisa, imenywea, kama ganda. Yeye alikuwa bado anatabasamu kwa wateja. Alitaka kuongeza neno juu ya sera ya duka, akafungua mdomo, na badala ya neno likaja povu. Akalimeza. Likaja jingine. Akaweka mkono mdomoni, likapita kati ya vidole, jembamba kwanza, kisha zito, la njano, lenye nyuzi, likashuka kwenye tai, likashuka kwenye risiti, naye anameza na kumeza, koo linapanda na kushuka kama la chura, na kila anachokimeza kinarudi na mwenzake, na mashavu yakamvimba, na ule ulimi wake aliokuwa analoweshea kidole ukatoka ukataka kurudi ndani ukakosa nafasi, kwa sababu ndani kulikuwa na mwingine, wa kijivu, wenye vipele, unaosukuma kutoka nyuma kwa utaratibu wa mwenye nyumba anayehamisha vitu vya mpangaji. Na kwenye rafu nyuma ya kaunta, zile simu zote za waranti zilizopangwa kwa mstari zikisubiri wenyewe waje kuambiwa walipe, moja ikaanza kudondosha, kisha ya pembeni yake, kisha mstari mzima, tone, tone, uzi, uzi, mpaka rafu ikawa na mapazia ya udenda kutoka juu hadi chini, na ndani ya kila tundu kitu kikawa kinapapasa kuelekea upande wake yeye tu.

Watu walitoka kama walivyokuwa wamesimama, wakiacha simu zao kwenye kaunta. Fundi aliruka kidirisha. Alinipita bila kuniangalia, na sikumzuia.

Meneja akanishika mkono wa gauni. Sasa alitaka kusema kweli. Niliiona machoni mwake, yote, tangu siku ya kwanza aliyolamba kidole. Alijitahidi kuitoa. Kweli ilikuwa imejaa mle mdomoni pamoja na vingine vyote, na njia ilikuwa imeshachukuliwa.

"Nilikuuliza," nikamwambia.

Nikavibandua vidole vyake kwenye gauni langu kimoja kimoja. Vilinata. Nikamfuta mkwe wangu uso kwa upande mkavu wa taulo, nikaliacha pale, nikamtanguliza nje kwenye jua, ambako alikuwa ameshaanza kumweleza mtu asiyemjua habari nzima tangu mwanzo. Nyuma yetu ule ute ulikuwa umeshuka kwenye kaunta, umevuka vigae, unakuja polepole kuelekea barabarani, na barabarani watu wanapita wamevaa ndala. Nikatoka, nikaufunga mlango.